Daraja lako ni lipi? Somo la afya kutoka viwanja vya barafu vya Minnesota

Dada yangu alinipa kazi hiyo siku ya pili tu baada ya kufika kwake. Tulikuwa jikoni, yeye anakaanga maandazi, mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu amelala mgongoni, na nje theluji imefunika ngazi zote za barazani.

"Wewe ndiye unayeandika habari za afya," aliniambia bila kugeuka. "Mwambie shemeji yako aache ule mchezo. Mimi ameshanizoea, hanisikii."

Mchezo wenyewe ni hoki ya barafuni. Shemeji yangu ni mzaliwa wa Nairobi, ana miaka 44, ana presha anayoidhibiti kwa dawa, watoto wawili, na kazi ya kuhudumia wagonjwa ambayo kila siku inamtaka anyanyue watu wazima kutoka kitandani. Miaka miwili iliyopita alivunjika mtulinga akicheza. Na wiki ile niliyofika, Februari, rafiki zake walikuwa wanamshawishi apande daraja msimu unaofuata.

Niliikubali kazi haraka. Sikuwa nimewahi kuuona mchezo huo kwa macho yangu, lakini nilidhani najua nitakachomwambia. Nimeshaandika vya kutosha kuhusu kina baba wa umri wake wanaoumia kwenye mabonanza ya kazini. Hata hivyo, siku naondoka Minnesota, ushauri wangu ulikuwa umebadilika. Nimeona niwasimulie wazazi wenzake shemeji, kwa sababu jambo nililojifunza kule halihusu barafu peke yake.

Jimbo la maziwa 10,000

Minnesota iko kaskazini mwa Marekani, inapakana na Canada. Kwenye vibao vya namba za magari ya huko kuna maneno yanayotangaza kuwa hili ni jimbo la maziwa 10,000. Ni maziwa ya maji, si ya kunywa. Wakati wa baridi maziwa hayo huganda hadi barafu inabeba magari. Niliona kwa macho yangu watu wameegesha malori madogo katikati ya ziwa, wametoboa shimo, wanavua samaki.

Mahali ambapo maji yanaganda bure kwa miezi kadhaa, watoto hawangoji kujengewa uwanja. Manispaa humwagia maji viwanja vya mitaani, vinageuka barafu, na jioni watoto wanateleza chini ya taa. Wapo hata wazazi wanaomwagia maji ua wa nyuma ya nyumba. Kule hoki ilivyo ni kama chandimu ilivyo kwetu. Kila mtu ameigusa, hata kama hakufika popote.

Dada na shemeji wanaishi Brooklyn Park, kitongoji cha kaskazini mwa jiji la Minneapolis. Ni eneo lenye Wakenya wengi na Waliberia wengi, na unga wa ugali hauhitaji kutafutwa mbali. Kijana wao mkubwa ana miaka 10 na anacheza hoki. Hapo ndipo habari yote ilipoanzia. Baba alikuwa akimpeleka mtoto mazoezini, anakaa kwenye benchi la baridi saa nzima akinywa kahawa. Mwishowe, akiwa na miaka 39, akaamua kuwa badala ya kugandia pale, bora na yeye ajifunze.

Si kwamba barafu ilikuwa ngeni kwake kabisa. Mwaka 2005 Nairobi ilipata uwanja wa barafu wa ndani, kwenye jengo la Panari Sky Centre, Barabara ya Mombasa. Yeye alikuwa kijana, akaenda na wenzake, akalipia muda wake.

"Saa nzima nilishika ukuta, shem," aliniambia akicheka. "Nilizunguka uwanja wote kama mtu anayetafuta swichi gizani."

Kutokana na uwanja huo ndiyo ilizaliwa timu ya Kenya Ice Lions, ambayo mwaka 2018 ilipelekwa Canada na kucheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Shemeji anazifuatilia habari hizo kama wengine tunavyofuatilia Simba na Yanga.

Nane chini ya paa moja

Jumamosi asubuhi tulimpeleka kijana Blaine, mji wa jirani, kwenye jengo linaloitwa Super Rink. Ndani yake kuna viwanja 8 vya barafu chini ya paa moja. Ukiingia unakutana na harufu ya mpira, jasho la glovu na popcorn, na sauti ya vyuma vikikwangua barafu kutoka kila upande.

Uwanja mmoja wa hoki kwa vipimo vya Marekani una urefu wa takribani mita 61 na upana wa mita 26. Umezungushiwa ukuta mgumu, na juu yake kioo. Kila timu ina wachezaji 5 na golikipa. Badala ya mpira wanagombea kisahani cha mpira mgumu, wenyewe wanakiita paki, chenye uzito wa takribani gramu 170. Kikirushwa na mtu anayejua, huoni kilipopita. Unasikia tu mlio ukutani.

Niliacha watu wangu nikazunguka kutoka kioo kimoja hadi kingine. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho dada hakunieleza. Niliyokuwa nayaangalia hayakuwa mchezo mmoja, ingawa vifaa ni vile vile na sheria karibu ni zile zile.

Uwanja mmoja ulikuwa na watoto wa miaka 5 na 6 wamevalishwa mpaka wamekuwa kama mito ya kochi. Wakianguka wanacheka, wananyanyuka. Uwanja mwingine vijana wakubwa walikuwa wanapita kwa kasi ambayo ilinifanya nirudi nyuma, japo kioo kilikuwa kati yetu. Na uwanja mwingine walikuwapo watu wazima, wengine wenye mvi zinazochungulia chini ya helmeti. Wanateleza taratibu, wanakosa pasi, wanaombana radhi.

Watoto hupangwa kwanza kwa umri, kila miaka miwili kundi lake: chini ya miaka 8, chini ya 10, chini ya 12, kisha chini ya 14. Ndani ya umri huo hupangwa tena kwa uwezo. Na kuna jambo moja wazazi wanapaswa kulijua. Tangu mwaka 2011 chama cha hoki cha Marekani kimepiga marufuku kumgonga mwenzako kwa mwili kwenye mechi za watoto wa kundi la chini ya miaka 12. Ruhusa inaanza kundi linalofuata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwalinganisha watoto wa miaka 11 na 12 wa majimbo mawili ya Canada, Alberta ambako kugongana kuliruhusiwa wakati huo, na Quebec ambako hakukuruhusiwa. Wale wa Alberta waliumia zaidi ya mara 3 ya wenzao, na mtikisiko wa ubongo ukiwamo.

Kwa watu wazima wanaocheza kwa kujifurahisha, kugongana kwa makusudi hakuruhusiwi katika ligi nyingi. Na kinachowapanga zaidi si umri, ni uwezo. Ligi nyingi hutumia herufi. A ni wale waliocheza vyuoni au karibu na kulipwa. B ni waliokulia kwenye mchezo, wakacheza sekondari. C ni wanaojua mchezo vizuri lakini miguu imeanza kuchoka, au walioanza ukubwani na wakakaza. D ni wanaoanza. Ligi kubwa hugawa herufi hizo tena kwa namba, ili mtu asiruke ngazi tatu kwa mkupuo. Zipo ligi za wanawake watupu na zipo za mchanganyiko, na nyingine zimetengwa kwa waliovuka miaka 40 au 50.

Shemeji ni D. Rafiki zake wanamtaka C.

Mechi ya saa 4 na robo usiku

Watu wazima hucheza usiku kwa sababu mchana na jioni barafu ni ya watoto. Mechi ya shemeji, kwenye uwanja mdogo wa kitongojini, ilianza saa 4:15 usiku wa Jumapili. Nje kulikuwa na nyuzi 19 chini ya sifuri. Dada alibaki na mtoto. Mlangoni alimwambia mumewe neno moja tu: "Urudi." Yeye akajibu, "Narudi, mama." Niliona kwamba wamekuwa wakiambiana hivyo tangu mtulinga ulipovunjika.

Watazamaji tulikuwa 4. Golikipa wa timu ya shemeji alikuwa mama wa watoto watatu aliyeanza kuteleza akiwa na miaka 36. Kulikuwa na mwalimu, fundi bomba, na mzee mmoja aliyestaafu ambaye kila akipata paki wenzake wanapiga kelele kama amefunga bao.

Nilichokuja kukiona ni hatari. Nikaona kitu kingine. Hawa watu walikuwa polepole, lakini wote walikuwa polepole pamoja. Mtu akikaribia ukuta, aliye nyuma yake anajua huyu atachelewa kugeuka, kwa hiyo naye anapunguza mwendo mapema. Mtu akianguka, wengine wanakatiza mbio zao. Hakuna aliyefundishwa hivyo kwa maandishi. Ila kila mmoja anajijua, na anajua kuwa mwenzake naye yuko hivyo hivyo.

Kila baada ya dakika moja hivi shemeji alirudi benchi kupumzika, mwingine akaingia. Huo ndio utaratibu wa hoki. Unakimbia kwa nguvu zote chini ya dakika moja au zaidi kidogo, kisha unatoka. Timu ikiwa na watu pungufu, mapumziko yanakuwa mafupi, na hapo moyo ndio unaolipa.

Walifungwa 5 kwa 3. Kwenye gari alikuwa amelowa jasho na anaimba.

Usiku wa mtulinga

Tukiwa njiani kurudi nilimwuliza alivunjikaje. Alizima redio.

Usiku ule, kwenye uwanja mwingine, timu ya rafiki yake ilikuwa na watu pungufu. Ilikuwa timu ya madaraja mawili juu yake. Wakampigia: njoo utujazie, ni mechi moja tu. Akaenda. Anasema dakika 10 za kwanza alijiona mfalme. Alipata pasi nzuri ambazo kwenye daraja lake hakuna wa kuzitoa.

Kisha paki ikaenda kwenye kona. Akaifuata kwa mwendo wake wote. Mchezaji wa upande wa pili naye akaja, akitegemea kwamba huyu wa mbele atafanya kile ambacho kila mtu wa daraja hilo hufanya: atageuka kwa haraka na kutoka kwenye njia. Shemeji hakuweza. Alijua kusimama upande mmoja tu, wa kulia. Walikutana ukutani, bega lake likatangulia.

"Yule jamaa aliniomba msamaha mpaka akataka kulia," alisema. "Na hakuwa na kosa, shem. Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye sikuwa mahali pangu."

Wiki 6 mkono ulining'inia kwenye kitambaa. Kazi yake ni ya kunyanyua wagonjwa, kwa hiyo hakukuwa na kazi. Dada alikuwa na mimba ya miezi mitatu, anatapika asubuhi, anaingia kazini mchana, usiku anamfunga mumewe vifungo vya shati. Mtoto mkubwa aliacha hoki msimu ule, kwa sababu ada ilikosekana. Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa lile neno "Urudi."

Wanaoshuka kwa makusudi

Nilidhani tatizo ni wanaojipandisha tu. Shemeji akaniambia kuna na wanaojishusha.

Msomaji aliyewahi kucheza mashindano ya shule au ndondo za mtaani anawajua mamluki. Timu inasajiliwa kuwa ya mtaa, siku ya fainali anatokea mtu mwenye mapaja kama magogo ambaye hakuna aliyewahi kumwona gengeni. Hoki ya watu wazima nayo ina mamluki wake. Ni mtu aliyecheza chuoni, anajaza fomu kwamba ni mgeni wa mchezo, anaingia daraja la chini ili afunge mabao 6 kila Jumapili.

Anapata nini? Hakuna pesa pale. Pengine anapata kombe la plastiki na picha. Lakini wenzake wanapata hatari, kwa sababu katikati ya watu wanaojua kusimama upande mmoja ameingizwa mtu mwenye kasi ya daraja la juu na mkono unaorusha paki kama jiwe la teo. Golikipa wao, yule mama wa watoto watatu, aliwahi kukutana na mtu wa aina hiyo. Mashuti yake yalimwacha na michubuko licha ya kinga zote. Wiki iliyofuata alikaa nyumbani.

Ndiyo maana ligi nyingi hazikubali neno la mchezaji peke yake. Mgeni huulizwa maswali, huangaliwa akiteleza, na timu inayoshinda kila mechi kwa mabao mengi hupandishwa daraja hata kama haitaki. Hata hivyo, mwanzo wa yote ni fomu ambayo mtu anaijaza mwenyewe nyumbani, na hakuna refa anayemchungulia.

Fomu mezani

Fomu ya shemeji ilijazwa Alhamisi, baada ya chakula cha usiku. Rafiki zake walishamtumia ujumbe mara tatu: andika C, tutacheza wote. Dada alikuwa anaosha vyombo kwa kelele kuliko kawaida. Nami nilikuwa nimekaa pale na hotuba yangu ya afya tayari.

Nilianza na moyo. Nilimweleza kwamba wataalamu hukadiria kiwango cha juu cha mapigo ya moyo kwa kutoa umri kwenye 220. Kwake hiyo ni 176 kwa dakika. Nikamwambia kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2002 katika jarida la chama cha madaktari wa Canada. Ulipima mioyo ya wanaume wa makamo wakiwa uwanjani kwenye hoki ya kujifurahisha, ukaonyesha kwamba mapigo yao yalipanda kuvuka kiwango kinachoshauriwa kwa mazoezi. Mtu aliyekaa wiki nzima, halafu Jumapili usiku anaupeleka moyo wake kileleni mara 15 au 20 ndani ya saa moja, anaudai moyo kitu ambacho hakuuandaa. Mwenye presha ndiyo zaidi.

Shemeji alinisikiliza kwa heshima. Kisha akasema kitu ambacho sikuwa na jibu lake.

"Kabla ya hoki nilikuwa na kilo 104, shem. Nilikuwa nikitoka kazini nakaa kwenye kochi hadi nalala hapo hapo. Daktari aliniongezea dawa mara mbili. Tangu nianze hajaongeza tena. Giza la huku wakati wa baridi linaingia mapema. Nikiacha, nirudi kwenye kochi?"

Dada aliacha kuosha vyombo.

Ni kweli. Sisi tunaoandika afya tunaandika sana kuhusu anayeanguka uwanjani, kwa sababu kuanguka kwake kunaonekana. Anayeangukia kwenye kochi, kidogo kidogo kwa miaka 15, hapigiwi picha. Nilikuwa nimekuja kumtoa baba uwanjani bila kujiuliza nampeleka wapi.

Basi tukaifungua fomu. Ulianza kucheza ukiwa na miaka mingapi? Umecheza misimu mingapi? Daraja la juu kabisa uliloshiriki? Unaweza kuteleza kinyumenyume? Unaweza kusimama ghafla, pande zote mbili?

Hapo kalamu ikasita. Shemeji akatazama dari. Ndipo kijana, aliyekuwa akichora mezani kama hayupo, akasema bila kuinua kichwa: "Baba, upande wa kushoto huwezi. Kila siku unazunguka."

Tulicheka wote, hata dada. Mtoto wa miaka 10 alikuwa amemaliza kesi. Shemeji akaandika: hapana. Kisha kwenye daraja akaandika D.

Aliwatumia rafiki zake ujumbe mfupi. Mmoja akajibu kwa utani kwamba ameogopa. Nilimwona akiandika jibu, akalifuta, akaliacha. Kwa mwanaume wa Nairobi aliyezungukwa na watu waliozaliwa juu ya barafu, si jambo dogo kuandika kwa mkono wako kwamba wewe ni wa mwisho.

Dada alikuwa na masharti yake mawili, nayo yakakubaliwa. La kwanza, aende kwa daktari wake kabla msimu haujaanza, amweleze wazi kwamba anacheza mchezo wa nguvu, na afanyiwe kipimo cha moyo akiwa anafanya mazoezi, siyo amelala. La pili, hakuna tena kwenda kujazia timu ya juu, hata kama ni mechi moja, hata kama wanabembeleza.

Mimi kwenye barafu

Siku ya mwisho kijana alinivalisha viatu vya kuteleza vya mama yake. "Usiogope, mama mdogo," alisema, akanishika mkono. Dakika 2 za kwanza nilitaka kumwachia ili nisimdhalilishe. Sekunde 3 baadaye nilikuwa nimekaa chini.

Aliniletea kile kifremu cha kusukuma ambacho watoto wanaoanza hutumia ili wasianguke. Kulikuwa na watu wamekaa wanatuangalia. Nilikataa. Nikaanguka tena, safari hii kwa kiganja, na kifundo kikaniuma hadi Dar es Salaam. Nilipokichukua kifremu hatimaye, nilizunguka uwanja mzima. Pembeni yangu alikuwapo mtoto wa miaka 4 mwenye kifremu kama changu. Tukapeana tabasamu la watu wa daraja moja.

Kuanguka kwangu kwa mara ya pili hakukuletwa na barafu. Kililetwa na macho ya watu waliokaa benchi, watu ambao sitawaona tena maishani.

Swali la kwenda nalo nyumbani

Niliporudi nilikuta baba yangu mzazi, mwenye miaka 58, amealikwa kwenye bonanza la wastaafu wa ofisi yao dhidi ya vijana walioajiriwa juzi. Mechi ya dakika 90, jua la saa 9 alasiri, hakuna aliyepimwa chochote. Kwenye mabonanza yetu hakuna D wala C. Kuna jezi, supu, na mtu wa kipaza sauti anayewataja wazee kwa majina ili waone aibu kutoka.

Zamani ningemwambia, "Mzee, usiende." Safari hii nilimwuliza maswali ya ile fomu. Mara ya mwisho kukimbia ni lini? Goti la kushoto linaitikaje ukigeuka ghafla? Vijana wale wanacheza mara ngapi kwa wiki? Alifikiri, akampigia mwenyekiti wao. Wakakubaliana wastaafu wacheze wenyewe kwa wenyewe, dakika 20 kila kipindi, kuanzia saa 11 jioni, na kila anayetaka kutoka atoke bila kutangazwa. Alicheza. Alirudi akichechemea kidogo na kujisifu sana.

Kwa mzazi anayesoma haya na anafikiria kuanza mchezo wowote, au kurudi kwenye ule wa ujanani, ninayo machache niliyoyabeba kutoka kule.

Pima presha na sukari kwanza. Kama umevuka miaka 40, una ugonjwa wa kudumu au kwenu kuna historia ya moyo, mweleze daktari ni mchezo gani hasa unaotaka kucheza. "Mazoezi" ni neno pana mno.

Usiufanye mchezo kuwa mazoezi yako pekee. Tembea haraka au endesha baiskeli siku nyingine mbili au tatu za wiki, ili Jumapili isiwe mshtuko.

Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi kukata isivyo kawaida, toka uwanjani na utafute huduma mara moja. Usisubiri mapumziko.

Na kabla ya kuchagua utacheza na nani, jiulize unachoweza leo, siyo ulichoweza ukiwa kidato cha nne. Ukishindwa kujijibu, muulize mwanao. Amekuwa akikuangalia.

Msimu mpya wa shemeji ulianza. Daktari alimpima, akambadilishia dawa moja, akamruhusu acheze. Jumatatu asubuhi zetu, ambazo kwao bado ni Jumapili usiku, hupata ujumbe kutoka kwa dada. Mara nyingi hauna salamu wala matokeo ya mechi. Huandika tu: "Amerudi."

Juzi uliongezeka mstari: "Anasema leo amesimama upande wa kushoto. Mwanawe anabisha."